Karanga Kwenye Supu ya Shemeji Yako

Chumba cha juu, nyuma ya kinyozi,
Jumapili, tarehe tatu.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza hutapata nafasi. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na zile dawa ulizoandikiwa unazimeza au umezipanga dirishani ziwe pambo? Wifi hajambo? Pacha wameacha kukohoa? Sisi huku tu wazima. Wanangu wanasoma, cherehani yangu inazunguka, ila wiki hii nimeshona mikono ya sare mbili kinyume. Tangu nijifunze ushonaji halijanitokea hilo. Ujue basi kwamba sijatulia, na nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila ninalosema unaligeuza kichekesho.

Ni shemeji yako, huyu mume wangu. Unakumbuka mwaka jana alipokuja kwenu ukampiga kidole tumboni, ukasema tumbo lake linafika kazini kabla yake? Tulicheka wote, na yeye akacheka. Kisha ukampa ile picha yako ya judo, medali shingoni, nyuma umeandika "Kilo sitini na sita, si mchezo." Mzaha mzaha hutumbuka usaha, Kaka. Picha hiyo ameibandika kwenye kioo cha kazini, pale pale wateja wanapojitazama.

Alipojiunga na judo nilifurahi, sikufichi. Kinyozi anasimama kutwa nzima. Jioni tatu kwa wiki akawa anakwenda kuangusha na kuangushwa, anarudi mchangamfu, analala fofofo. Lakini mwisho wa mwezi klabu yao inacheza na klabu nyingine, mashindano ya kirafiki tu, naye ameapa atapigana kwenye kilo zako. Alianza na sabini na nne.

Asubuhi chai kavu. Mchana tango. Jioni supu ya mboga, maji matupu, kisha anavaa makoti mawili ili jasho limtoke na kwenda mazoezini. Nikipakua wali anautazama kama mtu aliyemtukana.

Mikono imeanza kumtetemeka, na mkono wa kinyozi una wembe. Jumanne alimkata sikio mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka yote. Mzee wa watu akasema, "Si kitu, ninalo jingine," lakini tangu siku hiyo hajarudi. Sasa kila mtu akiketi kwenye kile kiti, roho yangu inakuwa juu mpaka nione ameinuka salama.

Alhamisi alianguka ukumbini kabla hata hajashikwa na mtu. Mwalimu wao, ambaye mchana ni fundi breki, alimleta nyumbani akimshikilia kiunoni. Nikampa maji ya sukari. Mwalimu akaniambia, "Mama, mimi sijamwambia apungue hata gramu moja. Hawa ni watu wazima wanaokuja kujifurahisha. Ale kitu chepesi saa mbili tatu kabla ya mazoezi, ndizi, mkate. Anywe maji. Akitoka ale mayai, ale maharage, ashibe. Apigane na kilo zake mwenyewe." Shemeji yako alikuwa anasikia. Akageukia ukutani.

Sasa nikuambie lililo zito. Kwa wiki mbili nimekuwa nikisaga karanga hadi ziwe laini kabisa na kuzitia kwenye supu yake. Kijiko kimoja, kisha viwili, kisha upawa. Akawa anaisifu, anasema, "Mke wangu, wewe unajua kupika maji." Nikajiona mjanja. Kumbe kila asubuhi anapanda mizani ya duka la dawa, na mizani imegoma kushuka. Hakumlaumu mtu. Aliona mwili wake ni mkaidi, akaukatia maji. Siku hizi anakunywa glasi moja kutwa, na hiyo nusu yake anasukutulia. Mimi namjaza kwa siri, naye anajikausha kwa sababu yangu. Nikiacha karanga naogopa, nikiendelea naogopa.

Kaka, siku ulipopigwa picha ile mimi nilikuwepo, na kesho yake pia. Nakumbuka dripu mkononi mwako, na midomo yako ilivyopasuka, na mama akiilowesha kwa pamba. Nakumbuka daktari alivyotaja figo, mama akatoka nje asituoneshe uso. Mama alitukataza kulisema, tukatii. Wewe umesimulia medali miaka yote hii, na shemeji yako anaijua nusu hiyo tu.

Mimi ni mkewe. Nikimwambia ale, anaona namwonea huruma. Wewe atakusikia. Mpigie saa nne asubuhi, wateja wanapokuwa wachache, na nakuomba kwa jina la mama, usianze na mzaha. Mimi nitamwambia ya karanga leo hii. Wewe mwambie ya dripu.

Nisalimie wifi sana, mwambie gauni lake liko tayari na mikono nimeiangalia mara mbili. Wabusu pacha, waambie shangazi yao hajawasahau. Msalimie na fundi viatu jirani yenu. Mungu akulinde wewe na mgongo wako, na awape wote wa nyumba hiyo mkono wa afya na sahani iliyojaa.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokununia.

Nyongeza: Sijafunga bahasha bado. Nimemwambia. Alicheka kidogo, akasema ndiyo maana supu ilikuwa tamu. Nikamwekea glasi ya maji mezani. Ameipita, amekwenda kupima uzito. Naandika hapa nikiitazama, imejaa vile vile. Kaka, imebaki zamu yako.