Sufuria Isiyo na Masizi

Makambako, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kamwene mama, shikamoo. Ni mimi mwanao Yusta. Mgongo unaendeleaje? Na hapo Matembwe bado mnaota moto mpaka saa nne asubuhi? Mimi mzima, ila upepo wa Makambako hauna adabu, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Lusia mdogo wangu, wewe unayemsomea mama, usiruke mstari hata mmoja, hata ukifika pale utakapotaka kunitukana.

Mzigo nimeupata. Dereva wa lori la chai aliushusha hapa studio ya picha: unga, maharage na ule uyoga mkavu. Barua nayo nimeisoma. Nilicheka kusikia baba ameitundika picha yangu ya vyombo sebuleni, na anawaita watu wa kituo cha kupimia majani ya chai waje kuitazama. Kisha nikasoma kwamba ameamua Lusia aje kukaa kwangu ajifunze cherehani, kwa kuwa "Yusta ana nyumba kamili", na kwamba atapanda lori hilohilo mwisho wa mwezi. Na chini kabisa, neno lako mama: "Hiyo sufuria mbona haina masizi?"

Mama, nilikaa chini.

Ngoja niseme. Mzee Salumu, mwenye studio, ni mtu wa Tabora, mwema lakini mkali kwa kazi. Tangu maduka yaanze kujaa vitu, wenye maduka wanamletea vyombo awapigie picha za kubandika ukutani. Macho yanamsumbua, kwa hiyo kupanga ameniachia mimi. Kumbe kazi yenyewe tamu! Meza naiweka dirishani, natundika shuka jeupe ili jua lisichome. Birika jipya linang'aa mpaka linatuonyesha sisi wenyewe, basi najificha nyuma ya kitambaa cheusi. Ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara naikunjua, naiegesha pembeni irudishe mwanga kwenye vikombe. Mapeasi, yale matunda ya kupambia meza, nayapaka mafuta ya kula kidogo yang'ae. Chombo kirefu nyuma, kifupi mbele, na kimoja nakigeuza upande, maana vikisimama vyote kama askari wa gwaride picha inapooza. Siku moja Mzee Salumu akasema, "Mkono wako una macho." Nikavimba kichwa.

Sasa siku hiyo mkanda wa kamera ulibaki na picha moja, na vyombo vya duka vilikuwa bado mezani. Nikavipanga upya kama meza ya mtu anayesubiri wageni: chupa ya chai yenye maua, sahani sita, sufuria, na redio nyuma yake. Nikapiga, nikawatumia, nikaandika, "Hivi ndivyo vyombo vyangu." Hata kijiko kimoja hakikuwa changu, mama. Mwenye duka alikuja akavibeba vyote.

Nilipoondoka, baba alisema mbele za watu kwamba nitarudi na ndala moja mguuni. Nilitaka afunge mdomo, basi. Badala yake sasa ananisifu, na hizo sifa ndizo zinaniuma zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia kwenye kitako cha sufuria.

Ukweli ni huu. Nyumba sina. Nalala stoo ya hapa studio, kwenye mkeka, pamoja na ndoo za dawa za kusafishia picha. Mchana nakula makande kwa mama ntilie. Watu wote waliona redio. Wewe peke yako ulitazama ukaona mtoto hapiki. Nilikumbatia ule mfuko wa unga nikalia, mpaka Mzee Salumu akauliza kama kuna msiba. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Mkanda huu nao umebaki na picha moja. Kapange vyako."

"Vyangu havijazi hata ungo, mzee."

"Nimesema kapange."

Hiyo picha iko humu kwenye bahasha. Sufuria yangu moja, nimeilaza ubavu kitako kikatazama kamera, na masizi yake yote ni ya moto niliopikia uyoga wako kwanza. Kikombe changu cha bati kilichobanduka rangi. Mfuko wenu wa unga, mdomo wazi. Sikupaka kitu mafuta. Picha ilipokauka, Mzee Salumu aliishika muda mrefu, akaomba abaki na nakala.

Mwonyeshe baba. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Ile ya kwanza aishushe, na umwambie mwanao amemkosea na anaomba radhi.

Nisalimie bibi, umwambie blanketi lake ndilo linaloniokoa. Msalimie shangazi wa Lupembe, na mwinjilisti wetu aliyenipa barua ya utambulisho nilipokuja huku.

Na wewe Lusia, sikukatazi. Stoo inatosha mikeka miwili, mzee amekubali, na fundi cherehani wa barazani hapa jirani yuko tayari kukufundisha. Lakini itazame picha hii vizuri, maana nyumba yenyewe ndiyo hii. Ukiona unaiweza, panda lori. Ila njoo na kikombe chako, mimi nina kimoja tu.

Mwanao anayepika sasa,
Yusta