Hongera ya Aliyeshindwa

Brussels, 4 Februari 2024

Papa Anaclet,

Bonjour kwanza. Baridi ya huku inaniuma masikio, lakini sura yangu ingali nzuri vile unaijua. Goti ya Mama inasemaje?

Kaa chini nikupashe. Mutoto wako aliyekimbia shule sixième primaire, darasa ya sita tu, leo anasaidia gavana! Madame Dorothea, Muamerika wa miaka quatre-vingt-quatre (84), aliongoza jimbo nzima ya kwao mara mbili. Sasa anaishi kwa binti yake hapa Woluwe. Mimi ndiye ninamupikia na kumutembeza. Alianza kwa kuendesha bus ya shule. Akachoka kupita madaraja mabovu, akagombea. Wakamucheka, akashinda, akajenga madaraja mia mbili! Ila Kifaransa yake, Papa, ni mbaya kuliko yangu.

Mara ya tatu alishindwa. Siku ileile akamupigia simu aliyemushinda: "Hongera, Gavana." Kwao ni desturi. Na wewe na tonton Nassoro, jirani yako? Alikushinda uchaguzi ya comité ya maji tu, si jimbo! Karibu mwaka muzima humusalimie, na Mama anapanda kilima kuchota maji, juu wewe umemukataza kuchota kwa robinet ya Nassoro hapo karibu.

Mutoto wako, Ushindi

Uvira, 19 Februari 2024

Ushindi,

Tuko wazima, goti ndiyo inalia. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Gavana wako alishindwa na mugeni. Mimi nilishindwa na muntu tuliyelala naye hema moja kambini, wakati wa vita. Mabomba ya ile robinet nililaza mimi, na mikono hii! Watu wakamuchagua yeye juu anachekesha. Usinifundishe siasa, wewe unayetembeza bibi za watu.

Papa yako

Brussels, 10 Machi 2024

Papa yangu mukali,

Salamu, na matusi yako nimekula na mukate. Bon. Nimemusomea Madame barua (ya bibi nimeruka). Alicheka, halafu akasema: "Aliyenishinda alikuwa rafiki yangu. Kazi nilimufundisha mimi. Nilikaa jikoni na simu, vidole vikakataa. Mume wangu ndiye alipiga numéro, akaniwekea sikioni."

Nikamuuliza: ulipenda?

"Nilichukia! Lakini kesho yake nilienda sokoni kichwa juu."

Huyu ni muntu, Papa! Askari hana, ofisi hana, na Waamerika wakimutembelea wanasimama: "Gavana."

Alors, numéro nakupigia mimi: vaa shati, toka. Ni nyumba mbili tu.

Mutoto wako, conseiller (mushauri) wa Gavana

Uvira, 2 Juni 2024

Mutoto wangu,

Tuko wazima, usihofu kimya. Sikutaka kuandika kabla sijaenda. Mara tatu nilifika mulangoni kwa Nassoro nikarudi, nikimudanganya Mama eti nilifuata mbuzi. Jana nikabisha. Nassoro akafungua, mudomo wazi. Nikasema: "Hongera, Président."

Akaangalia saa yake. "Miezi kumi na tano, Anaclet! Ulikuwa unakuja kwa miguu kutoka Amerika?"

Tulicheka mpaka muke yake Zaituni akatoka kuona nani anakufa.

Leo asubui Mama amechota hapa karibu. Musalimie Gavana. Mwambie lile neno ni zito kuliko daraja.

Na uchaguzi ujao Nassoro nitamupiga vibaya. Nimeshamuambia: siku ileile, nitakuwa mulangoni namungojea.

Papa yako, Anaclet