Baba na Bamia za Kibuta

Nuria, nimefura hapa. Niko Kibuta, siku ya tatu natembea na begi mgongoni tangu Sofu, miguu imejaa malengelenge, na kumbe safari yote ilikuwa maigizo.

Mama mmoja, Bi Mwanahalima, kanikaribisha chakula cha mchana. Hanijui, simjui. Wanawe kawapa ugali na bamia, mimi kanipakulia mchicha.

Eti, "Baba yako alisema bamia huli."

Baba yangu. Aliyeko ofisini Kibaha.

Kumbe kapiga simu kila kijiji. Yule mwenyekiti wa Mzenga aliyenipa pa kupiga hema, nikakusimulia ukarimu wake mpaka nikalia? Kaambiwa. Dada aliyenijazia chupa za maji? Kaambiwa. "Alisema bamia huli." Nina miaka ishirini na tatu, Nuria.

Nimempigia baba, nikamuuliza vijiji nitakavyopita kavijuaje. Kajichekesha, kakata simu.

Nimekaa hapa nawaza. Ile orodha ya vijiji nilimtumia mtu mmoja tu.

Naona tiki za bluu. Jibu basi.