Sarafu Niliyoibadilisha

Thaliastrasse, Ottakring,
Vienna.
4 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Poldi,

Hujambo huko Adelaide? Mkeo Maeve hajambo? Na Annika, lile jino lililokuwa likimliza limeshatoka? Mimi ni mzima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Juzi, Siku ya Marehemu Wote, tulikwenda kaburini kwa Baba mimi na Shangazi Hermine. Tuliwasha mishumaa, tukapalilia, na Shangazi akapata nafasi ya kugombana na wenye kaburi la jirani kuhusu majani makavu. Hukuja kumzika Baba, na watu walisema sana. Leo nataka ujue kwamba kosa ni langu.

Unakumbuka chakula cha kumuaga Baba alipostaafu? Wenzake wa okestra walimpa ile sarafu ya fedha safi, upande mmoja kinanda cha ukumbini, upande wa pili ala zao. Wewe ukaigeuzageuza, ukasema mbele ya wageni, "Baba, wamechora mpaka kinubi! Viola yako iko wapi? Au waliochora hawajawahi kukusikia?" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikiwemo. Mtu amepiga viola miaka arobaini, huyo dada mnene wa fidla asiyesifiwa na mtu! Baba akakunja kitambaa chake, akaondoka mezani. Mwezi uliofuata ukapanda ndege bila kumpa mkono.

Miaka sita baadaye, karibu na Krismasi, alinipa sarafu ile ile nikutumie. Hakuandika neno. "Ataelewa mwenyewe," aliniambia.

Nilipoifungua nikaikuta imekwaruzwa. Wajua tulivyolelewa, sarafu ya fedha hushikwa ukingoni, kidole hakigusi uso wake. Nikadhani mikono ya uzee imeiharibu, nikaona haya kukutumia kitu kibovu. Bila kumwambia nikanunua nyingine ya aina hiyo hiyo kule benki, mpya inayong'aa, na hiyo ndiyo uliyoipata. Ya kwake nikaitia kwenye droo ya nyuzi.

Ulijibu kwa kadi yenye maneno matatu, "Ahsante kwa sarafu." Baba akaniuliza, "Traude, amecheka?"

"Amesema ahsante, Baba."

Jumapili iliyofuata akauliza tena, "Hakucheka? Hata kidogo?"

Nikamjibu kwa ukali, "Kwani sarafu inachekesha nini, Baba?" Hakuuliza tena mpaka anakufa.

Jana nilikuwa natafuta kifungo, nikaiona. Nikachukua lenzi aliyokuwa akisomea nota. Poldi, si mikwaruzo. Kwa ncha ya sindano ameizungushia fidla moja mstari, akaipanua mabega, akaipanua tumbo, mpaka ikawa viola. Imekaa pale kati ya wenzake, nene kuliko zote, haina habari na mtu.

Alikuwa amekusamehe, mdogo wangu. Alikujibu mzaha kwa mzaha, nami nikauzuia njiani kwa usafi wangu. Wewe ukadhani bado amenuna, yeye akadhani hutaki kucheka naye. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuja Baba ameshalala Ottakring. Nimelia mpaka Shangazi akaniletea supu ambayo sikuiomba.

Sarafu yenyewe iko ndani ya soksi nilizomfumia Annika. Itazame kwa lenzi, dirishani. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba ukishaiona, ukicheka, unipigie simu saa yoyote. Nitakwenda kaburini siku hiyo hiyo nikamjibu swali lake.

Nisalimie Maeve, na umbusu Annika pua. Shangazi Hermine anakusalimu, anasema utumie picha ambayo hujavaa kofia. Mungu awalinde, awape mezani kwenu vicheko visivyochelewa.

Dada yako akupendaye, mwenye haya kubwa,
Traude