Mkia wa Foleni ya Mikoto

Kawagoe, Japani
Tarehe 15 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Tadanori,

Marahaba kwa shikamoo yako ya barua iliyopita. Hujambo wewe, na wifi Rosaura na watoto hawajambo? Najua Lima sasa ni ukungu na baridi, basi mgongo wako usiuache wazi. Mimi ni mzima, ila jua limenichubua pua na nyumba ina ukimya usio na adabu. Tangu shemeji yako Yoshiharu atutoke, mwenzangu wa kuzungumza ni jokofu, nalo hujibu kwa kunguruma.

Uliniuliza kwenye simu kama Mikoto atakuja kwa Bon ya kwanza ya baba yake, siku zetu za kuwapokea wafu nyumbani, nami nikakwepa kwa kukusimulia bei ya matikiti. Tangu mazishi hajakanyaga hapa, na kila nikimwandikia jibu ni lilelile, yuko kazini. Ungekuwa mwaka mwingine ningevumilia. Lakini hii ndiyo mara ya kwanza marehemu anarudi kwake, na yule ni mtoto wake wa pekee. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi mwana ninaye, na jiwe naeleka vilevile.

Basi nikaenda kwenye soko la vitabu vya katuni ambavyo mashabiki huchora na kuuza wenyewe, kama kila kiangazi. Usicheke. Mikoto ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, bado mwanafunzi, nimbebee mizigo. Yeye akaacha kwenda, mimi nikabaki na kitambaa cha kujitolea mkononi. Vijana wananiita Mama Mkia, maana kazi yangu ni mwisho wa foleni. Unakumbuka desturi yake: mtu wa mwisho hushika kibao kinachosema mwisho ni hapa, akija mwingine nyuma yake anampokeza. Kutwa nzima watu huniuliza kama mwisho ni hapa, nami hujibu ndiyo. Kwa mtu anayekaa peke yake hayo ni mazungumzo mengi.

Mwaka huu watu walifurika kupita kiasi, na kosa moja lilikuwa letu. Meza tunazojua zitavuta watu huwekwa ukutani, karibu na milango mikubwa, ili foleni zake zitokee nje. Sasa kulikuwa na mchoraji mgeni, jina lake la kubuni halijulikani, tukamweka katikati ya ukumbi. Kumbe picha zake zilikuwa zimeshaenea kwenye simu za watu. Kabla ya adhuhuri foleni yake ilikuwa imezizunguka meza za jirani na kuziba njia, na mama mmoja alibanwa kwenye kona ya meza hadi akalia. Bwana Okuzawa, mkuu wetu, huwa hapandishi sauti mpaka aogope. Siku hiyo alipandisha.

"Mama Mkia, itoe nje foleni hii kabla watu hawajakanyagana."

Tukaikata vipande, tukawaongoza hadi uwanja wa magari, kila mtu mkono juu kama watoto wa chekechea. Wa mwisho wa kila kipande tulimpa kibao cha kusema mwisho si hapa, uko mbele zaidi. Kijana mmoja akaniuliza kama huo mwisho uko duniani au ahera. Nilicheka, Tadanori, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Hapo ndipo nilipokiona kitabu chenyewe, mkononi mwa msichana aliyekuwa ametoka kununua. Kwenye jalada palichorwa kiti cha kinyozi, mkono wake wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule niliushona mimi, na kiti kile, alichonyolea Yoshiharu wateja wake, kiko sebuleni kwangu. Mchoraji mgeni alikuwa Mikoto, na umati wote ule ulikuwa umesimama juani kumnunua mume wangu.

Nilitaka kukimbia ndani. Lakini mle hakuna kukimbia, na sisi wenye vitambaa ndio tunaowakataza wengine. Tena watu walikuwa wanaungua jua mbele yangu. Bwana Okuzawa akaleta habari kwamba vitabu vimebaki vichache, tufunge mkia. Dada aliyekuwa ameshika kibao alianza kuyumba kwa joto. Nikaita wa huduma ya kwanza wamchukue, nikakishika kibao mimi, na kila aliyekuja nyuma yangu nikamwambia imefungwa. Hivyo nikawa mtu wa mwisho kwenye foleni ya mwanangu. Tulisogea hatua kwa hatua, nami nimevaa kofia na barakoa.

Nilipofika mezani palikuwa patupu. Mikoto aliinama bila kunitazama usoni.

"Samahani sana, vimeisha. Umesimama juani bure."

Nikashusha barakoa.

"Mama. Nilidhani mwaka huu hutakuja. Umefiwa."

"Na wewe umefiwa."

Akaanza kukunja kitambaa cha meza, akikikunja na kukikunjua. Nikaona nikisubiri ataniponyoka, nikamuuliza palepale kuhusu Bon.

"Siwezi, mama. Nikiingia nikakuta kile kiti kitupu, basi, ndiyo kafa kweli. Huku nje bado namchora."

Sitakuficha, nilikasirika. Kiti hicho mimi nakipangusa vumbi kila asubuhi, na hakuna aliyeniuliza kama naweza. Lakini nilimwona amekonda, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Moto wa kumpokea tunauwasha nje ya mlango," nikamwambia. "Usiingie. Fika mlangoni tu."

Akakitia kitambaa mkobani.

Juzi nilitengeneza farasi wa tango wa kumleta marehemu na ng'ombe wa biringanya wa kumrudisha, nikapanga mabua makavu kizingitini, nikasubiri hadi jirani zangu wakamaliza mioto yao. Nilikuwa nimeshawasha kiberiti nilipomwona anakuja, bado na nguo za kazini. Tukachutama pamoja. Ule moto haudumu, unajua. Ulipozimika nikafungua mlango, na Mikoto akasogea kando kama anayempisha mtu, akainamisha kichwa.

"Pita, baba."

Kisha akaniaga, akaelekea kituoni. Nikamfuata mume wangu ndani, nikafunga mlango.

Msalimie sana wifi Rosaura, na Hernán na Akemi uwakumbatie kwa niaba ya shangazi yao. Wazee wetu waliotangulia wawaangalie huko mliko, na barabara ya kuja kwenu isiwe ndefu kwao. Piga simu, hata kama huna la kusema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka,

Chizuru