Colle ya bukari

Ganshoren, samedi, Noël inakaribia

Non, lazima niandike mbio, mikono ingali inanukia bukari, ugali yetu!

Kambo, mama ya maman, alifika kutoka Lubumbashi mwezi jana, na huku kwa bazungu hakuli muzuri. Leo tena alisukuma sahani: "Bukari yenu hii haiko ya kukula. Ni colle ya kubandikia makaratasi." Maman anasema ikiendelea hivi, atamurudisha kwetu Katuba sikukuu ya Noël ikiisha. Mie naogopa. Nilimungojea miaka mingi sana.

Bon, nikakaa chini na bipande ya kitenge yenye mushonaji mumoja wa mutaa ya Matonge alinipatia, nitengeneze guirlande ya Noël, munyororo wa kupamba nyumba. Nilijifunza peke yangu ku téléphone. Lakini colle ya kununua ku magasin haishiki ku kitenge! Munyororo wote ukaanguka, nikakasirika, nikatupa makasi.

Kambo akacheka. "We mutoto, umesahau Katuba?"

Akachota bukari ku sahani yake, akaiponda na maji kidogo, akapaka na kidole. Ikashika! Palepale nikaona baraza yake ya zamani: sisi batoto chini, tunabandika makaratasi ya rangi, mwenye kulamba vidole anapigwa kofi, na ye mwenyewe anaimba juu ya kelele yetu...

Guirlande ilifika mpaka ku dirisha. Sahani ikabakia tupu.

"Leta bukari ingine," akasema.

"Ya kubandika, kambo?"

"Ya kukula, mujinga we! Kazi inaletaka njaa."