Fundi Anayefumua Mishono ya Mkewe

Shangazi, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana nakusoma kila wiki na naona unavyowafanya wenzangu.

Mimi ni fundi cherehani na mke wangu ni fundi cherehani, tuna kaduka ketu, yeye anapima, anakata na kumalizia pindo, mimi nashona, na mtaa mzima unajua mwenye mkono ni yeye, ukiingia tu mlangoni ameshajua bega lako lipi limeshuka, ndiyo maana namwita Bosi na wateja nao wakafuata. Miaka kadhaa iliyopita aliugua sana, viungo vikavimba, mashavu yakawa mekundu, nywele zikapukutika, tukazunguka mahospitalini mpaka tukaambiwa ni lupus, yaani kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe, akaanzishiwa dawa, akapata nafuu, Shangazi, tukarudi kutaniana juu ya cherehani kama zamani.

Sasa siku hizi kuna kitu sikielewi. Kilianza kidogo, ananiomba nimpe "kile, kile cha kukatia," na mkasi ule anaushika tangu msichana, kisha akakata gauni la mteja likatoka na mikono miwili yote ya kushoto, nikamwambia Bosi leo umepata mteja wa ajabu, tukacheka wote, lakini haikupita muda akakata suruali mguu mmoja mrefu mwingine mfupi, na kichwa kinamuuma mara kwa mara, na siku moja alikwenda kununua vifungo mtaa wa pili, duka analolijua kama kiganja chake, akapotea, akarudishwa na muuza viatu jirani yetu, na yeye aliyekuwa na maneno matamu kwa wateja siku hizi anafoka mpaka dada yangu, yaani wifi yake, anasema kiburi kimempanda. Kilichonitisha zaidi ni siku alipokuwa anamalizia pindo kwenye cherehani ya umeme, mguu juu ya pedeli, macho wazi, namwita haitiki, kitambaa kikaisha na sindano ikaendelea kugonga chuma, nikazima mwenyewe, baada ya kitambo ndipo akanigeukia na kuniuliza, "Mbona umezima?" Nikamwambia umeme umekatika.

Ninachofanya, na hakuna anayejua, ni hiki: Bosi akienda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana, mimi nakagua alivyokata na alivyomalizia, nafumua, naunga vipande, nakata upya, kitambaa kisipotosha natia kiraka kwa ndani pasipoonekana, ili akirudi akute kazi imenyooka na mteja asimdharau, kwa sababu siwezi, Shangazi, siwezi kumwona mwanamke yule akiona aibu mbele ya kitambaa. Juzi alitoa gauni moja kwenye hanga, akaligeuza ndani nje, akautazama mshono weee, akalirudisha, akaniuliza kama nimeshakula, nikashukuru Mungu hakugundua. Hata kliniki ya mwisho daktari alipouliza kazini vipi nilijibu mimi, "Anachapa kazi, daktari," tukaondoka tukicheka. Dada yangu anasema ni hizo dawa kali zinamvuruga, nimpunguzie kimya kimya nione. Kliniki nyingine ni mwezi ujao. Nampenda mno. Nimpunguzie dawa, au ninyamaze niendelee kufumua?

Ni mimi,
Fundi Msaidizi

*

Marahaba, fundi. Nimekusoma mpaka chai yangu ikapoa, na nimekupenda kabla sijakukasirikia. Wanaonilalamikia kila wiki kwamba waume zao hawajui hata rangi ya dawa wanazomeza wangekugombania sokoni. Haya, tumalize sifa, sasa kaa nikugombeze.

Dawa usiziguse, hata kidonge kimoja. Baadhi ya dawa za lupus zikikatwa ghafla zinaweza kumwangusha mgonjwa vibaya sana. Ni kweli zipo zinazoweza kuvuruga usingizi na kuleta hasira, lakini wa kusema kama ni dawa, au ni maambukizi, au ni huzuni, au ni lupus yenyewe imefika kwenye ubongo, ni daktari baada ya kumpima. Wifi mtu hana kipimo hicho. Mwambie dada yako nampenda na anyamaze.

Ndiyo, lupus inaweza kufika kichwani. Watu wengi wanaijua ya viungo, ngozi na figo, hii ya kichwani inapita mbele ya macho yao wanaiita kiburi au mawazo. Mtu anakosa neno la kitu anachokishika kila siku, anapotea njia anayoijua, kichwa kinamuuma isivyo kawaida, tabia inabadilika, wengine huona au kusikia visivyokuwepo. Na ule ukimya wa kwenye pedeli, fundi wangu, unaweza kuwa kifafa. Si kila kifafa mtu anaanguka na kutoa povu, kingine mtu anakodoa macho tu, kisha anaendelea kama hakikutokea kitu. Ulikiona waziwazi ukausingizia umeme!

Daktari anatibu kwa anachoona na anachoambiwa. Kila kosa ulilofumua mchana akijinyoosha lilikuwa habari yake, nawe umelipiga pasi likanyooka. Halafu akauliza swali zuri kabisa, ukamjibia mgonjwa. Hapo nilitaka kukufinya.

Na gauni lile la juzi. Mkata nguo wa namna hiyo autazame mshono asijue kwamba kitambaa alichokata kimekatwa upya? Amejua, na pengine amejua zamani. Alikuuliza kama umekula kwa sababu hakupata pa kuanzia. Mnafichana woga uleule ndani ya kaduka kamoja, na kila mmoja anajiona anamsaidia mwenzake.

Kwa hiyo mwezi ujao usiungoje. Funga duka, mwende hospitali leo hii, mkamweleze daktari yote, ya mkasi, ya vifungo, ya pedeli. Nguo alizokosea usizitengeneze tena, zibebe zilivyo. Aulizwe yeye kwanza, wewe uongeze alichosahau. Mpaka apimwe asikae kwenye cherehani ya umeme, asivuke barabara peke yake wala asiachwe peke yake na jiko. Na akipata degedege, akilegea upande mmoja, ulimi ukawa mzito, macho yakapoteza nuru ghafla, akashikwa na homa na shingo ikakakamaa, akachanganyikiwa kuliko sasa, au akaongea habari ya kujidhuru, hapo hakuna kuuliza mtu, mkimbize mahali pa dharura. Wengi wakiwahiwa hutibiwa wakarudi kwenye kazi zao, na mimi ninamwombea awe mmoja wao.

Ila kabla hamjatoka mlangoni, mweleze. Usimwachie daktari kazi hiyo. Mshike mkono useme, Bosi, nimeona, nimekuwa nikikuficha, nisamehe. Atalia, au atakufokea, mwache afoke. Kisha unyamaze umsikilize, maana nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipomuuliza mke wako anajisikiaje, na sikupaona.